Sumu za Wadudu Majumbani mwa Meru na Embu

Neno "dawa" limetwishwa kazi nyingi mno. Kidonge cha malaria ni dawa. Maji ya josho la ng'ombe ni dawa. Unga uchanganywao na mahindi ghalani ni dawa. Na kile kinyunyizwacho kitandani ili kuua kunguni ni dawa vile vile. Mtu mzima hupambanua moja na nyingine kwa mazoea, lakini mtoto wa miaka mitatu hawezi. Yeye amesikia ya kuwa dawa huponya, na akiikuta chini ya kitanda chupa ambayo mama yake huiita dawa, haoni sababu ya kuiogopa. Wauzaji nao hulipenda neno hilo, kwa maana hakuna aendaye sokoni kununua sumu. Katika makala hii vitu hivyo vitaitwa kwa jina lao, yaani sumu, ili msomaji asisahau ni kitu gani kinachozungumzwa.

Mkulima wa Meru au Embu hana adui mmoja tu. Kahawa yake, ambayo watu wa wilaya hizi walianza kuruhusiwa kuipanda katika miaka ya 1930, ina wadudu wake. Ng'ombe wana kupe. Mahindi na maharagwe yana fukusi, nyumba ina mende na kunguni, sakafu ya udongo ina viroboto na funza, na nyanda za chini kuelekea Mbeere na Tharaka zina mbu. Kwa kila adui huyo iko sumu iliyotengenezwa makusudi, nayo ina kipimo chake na mahali pake. Shida huanza pale sumu inapohama mahali pake. Aliyenunua chupa kwa ajili ya kahawa huona imebaki robo, na kwa kuwa fedha zilitoka, huona ni hasara kuiacha; basi huipeleka kitandani. Aliyenunua sumu ya kupe hupaka kidogo kichwani mwa mtoto mwenye chawa. Mambo haya hufanywa na watu wenye akili timamu, tena wenye kuwapenda watoto wao, kwa sababu wanafikiri hivi: kilichoua mdudu wa shambani kitamwua na wa nyumbani. Ni kweli, kitamwua. Lakini mdudu wa shambani haishi chumba kimoja na watu saa kumi usiku kucha.

Ili kuelewa tofauti hiyo yafaa kujua kidogo asili ya sumu hizi. Katika miaka ya 1930 mtaalamu wa Ujerumani, Gerhard Schrader, alikuwa akitafuta sumu mpya za wadudu. Mwaka 1936 alipata kitu kikali kiasi cha kumwugua yeye mwenyewe, na jeshi la nchi yake likakichukua kiwe gesi ya vita. Kutoka katika jamii hiyo hiyo zilitokea sumu nyingi za mashamba ambazo zimetumika duniani tangu hapo. Kazi yake ni kuzuia mishipa ya fahamu isipumzike: mshipa ukishatoa amri kwa msuli, amri hiyo haifutiki, na msuli hujikaza na kujikaza hata ukachoka. Ndivyo afavyo mdudu, na ndivyo afavyo mtu, kwa sababu misuli ya kuvuta pumzi ni misuli kama mingine. Sumu hizi hazihitaji kunywewa. Hupita katika ngozi, na hupita upesi zaidi ngozi ikiwa na jasho au kidonda.

Namna nyingine ilikuwa ile ya DDT. Mswisi Paul Müller aligundua mwaka 1939 ya kuwa inaua wadudu, na mwaka 1948 akapewa Tuzo ya Nobel, kwa kuwa ilikuwa imekwisha kuokoa watu wengi kutoka homa iletwayo na chawa na kutoka malaria. Haikumwua mtu papo hapo, na kwa hiyo watu walidhani haina madhara. Baadaye ilionekana ya kuwa haiozi upesi. Hukaa katika udongo na katika mafuta ya wanyama na binadamu miaka mingi. Kenya iliizuia isitumiwe mashambani mwaka 1986. Mtu akiletewa leo unga wowote kwa sifa ya kuwa ni "DDT ya zamani, kali sana", huyo anaambiwa uongo au anauziwa kitu kilichokatazwa, na kwa vyovyote asinunue.

Jamii ya tatu asili yake ni ua ambalo wakulima wa nyanda za juu za Meru wanalijua vizuri, yaani pareto. Ua hilo lililetwa Kenya mwishoni mwa miaka ya 1920, na Vita Kuu vya pili vilipoiondoa Japani sokoni, Kenya ikawa muuzaji mkubwa kupita wote duniani. Wataalamu walijifunza kutoka ua hilo, wakatengeneza sumu za kiwandani zenye kufanana nayo, na hizo ndizo zilizomo katika makopo mengi ya kupuliza mbu na katika vyandarua vitiwavyo dawa. Kwa binadamu ni nyepesi kuliko zile za Schrader, lakini kwa samaki na nyuki ni kali mno. Mtu wa Mbeere au Tharaka mwenye mizinga mitini, akipuliza asubuhi nyuki wanapotoka, atapoteza asali yake. Na chandarua kisifuliwe katika Rupingazi wala Kathita. Kifuliwe katika beseni, na maji yake yamwagwe chooni au katika shimo lililo mbali na mto na kisima.

Sasa tuje kwenye chupa, kwa maana huko ndiko msiba mwingi unakoanzia. Chupa kubwa ya sumu ina bei, na mwenye ng'ombe wawili hana haja ya lita nzima. Kwa hiyo muuzaji wa sokoni hugawa: humimina kidogo katika chupa ya soda, au ya dawa ya kikohozi, au katika mfuko wa plastiki uliofungwa fundo. Mnunuzi hurudi nyumbani na kitu kisicho na jina, kisicho na kipimo, wala alama ya hatari. Yeye anajua ni nini, mkewe ameambiwa, nyanya wa watoto hakuambiwa. Baada ya mwezi hata mwenyewe hana hakika. Sumu nyingine zikichanganywa na maji huwa nyeupe kama maziwa, na nyingine zina rangi ya chai.

Mwaka 2013, mwezi wa Julai, katika jimbo la Bihar huko India, watoto wa shule moja ya msingi walipikiwa chakula cha mchana kama ilivyo desturi. Watoto 23 walikufa. Ilipochunguzwa ilionekana ya kuwa mafuta ya kupikia yalikuwa na sumu ya wadudu iitwayo monokrotofosi, na inadhaniwa mafuta hayo yaliwekwa katika chombo kilichokuwa na sumu hiyo kwanza. Hakuna aliyekusudia kumdhuru mtu. Kibuyu cha plastiki ni kitu cha thamani katika nyumba ya mkulima, huko Bihar na huku Runyenjes. Kuosha na kukitumia huonekana ni uangalifu wa mali. Lakini sumu hunywewa na plastiki yenyewe, na sabuni haiifikii. Chombo cha sumu kikimalizika kisuuzwe mara tatu, maji ya kusuuzia yarudishwe katika bomba la kunyunyizia na kutumika shambani, kisha kitobolewe tundu ili kisimfae mtu yeyote tena. Kopo la kupuliza kwa nguvu za hewa ndilo pekee lisilotobolewa wala kutupwa motoni, kwa kuwa hulipuka.

Jambo la pili ni mahindi. Zamani fukusi alikuwa mgeni wa kuvumilika, na majivu yalitosha kumpunguza. Lakini miaka ya 1970 ilipokuwa ikiisha, aliingia Tanzania mdudu mwingine kutoka Amerika ya kati, ambaye huko wamemwita Dumuzi, na wengine Scania. Mwaka 1983 alionekana Taveta, na kutoka hapo akaenea Kenya. Yeye hutoboa hindi likiwa bado katika gunzi, hutoboa hata mbao za ghala, na huacha unga mtupu. Kwa ajili yake wakulima walianza kutumia unga wenye sumu mbili zilizochanganywa, moja ya fukusi na moja yake yeye. Kipimo kijulikanacho cha unga wa namna hiyo ni gramu 50 kwa gunia la kilo 90, lakini kipimo halali ni kile kilichoandikwa katika pakiti iliyo mkononi. Wengi hutia maradufu wakidhani watapata ulinzi maradufu. Hawaupati, wanachopata ni kula sumu maradufu. Tena pakiti huandika siku ambazo mahindi hayo hayapaswi kuliwa, na siku hizo zina sababu yake. Mtu atenge mapema mahindi ya kula mwezi wa kwanza, yasiyotiwa kitu.

Yako mahindi mengine yasiyopaswa kuliwa kamwe, nayo ni ya mbegu. Hutiwa rangi nyekundu, waridi au kijani, ili mtu ajue yamepakwa sumu. Njaa ikizidi, kibaba cha mbegu kilichobaki huanza kutazamwa kwa jicho la sufuria. Nchini Irak, mwaka 1971 na 1972, watu walipewa ngano na shayiri ya mbegu iliyotiwa sumu yenye zebaki, ya kuzuia ukungu. Maonyo ya magunia yalikuwa kwa lugha wasizozijua. Wako waliosafisha rangi kwa maji, na rangi ilipotoka wakadhani sumu imetoka. Watu 6,530 walilazwa hospitali, na 459 kati yao walikufa.

Na liko jambo la vidonge vya kufukizia mahindi. Kidonge kimoja chaweza kuwa na gramu tatu tu, lakini kikikutana na unyevu wa hewa hutoa gesi ambayo haina dawa ya kuipinga. Daktari aweza kumsaidia mgonjwa kuvuta pumzi na kutegemeza moyo wake, basi. Vidonge hivi si vya nyumbani hata kidogo. Ni kazi ya watu waliofunzwa, katika ghala lisilolalwa na mtu. Hata hivyo katika nyumba nyingi ghala ni pembe ya chumba cha kulala, kwa sababu mahindi ya nje huibiwa. Gesi haitazami pembe. Huko Amarillo, katika jimbo la Texas, Marekani, mwezi wa Januari 2017, vidonge vya namna hiyo vilikuwa vimewekwa chini ya nyumba ili kuua wadudu, kisha maji yakamwagwa juu yake kwa nia ya kuviondoa. Maji yaliamsha gesi, na watoto wanne wa nyumba hiyo walikufa. Harufu yake husemwa kuwa ya vitunguu saumu au samaki aliyeoza, lakini asiyeisikia asijione salama.

Kwa bahati njema mahindi ni mahali ambapo mkulima aweza kuishi bila sumu kabisa. Uko mfuko wenye tabaka mbili za plastiki ndani ya gunia la kawaida, uliobuniwa kwa ajili ya kunde za Kameruni katika miaka ya 1980. Mahindi makavu yakifungwa humo, wadudu hutumia hewa iliyomo hata ikawaishia, wakafa. Sharti lake ni ukavu. Kuupima hakuhitaji mashine: chukua chupa ya kioo iliyo kavu, tia mahindi kiasi cha theluthi yake na vijiko vichache vya chumvi kavu, tikisa vizuri, kisha iache dakika kumi au kumi na tano. Chumvi ikigandamana na kioo, mahindi yarudi juani. Mfuko ni ghali kuliko gunia la kawaida, lakini hutumika tena mavuno yajayo ikiwa haukutoboka, na mwenye kufanya hesabu ataona.

Katika chumba cha kulala adui mkuu ni kunguni, na hapo ndipo aibu hufanya kazi mbaya. Mtu hataki jirani ajue, kwa hiyo hamwulizi mwenye ujuzi. Hununua kwa siri kichupa kisicho na jina, hunyunyizia godoro jioni, na usiku huo huo watoto hulalia. Ni vigumu kutaja jambo la hatari kuliko hilo katika nyumba ya kawaida. Tena halifai kitu, kwa sababu sumu nyingi haziui mayai, na baada ya siku sita hadi kumi wana hutoka wakiwa wazima. Kunguni na mayai yake hushindwa na joto la nyuzi 50. Maji yanayochemka yakimiminwa katika viungo vya kitanda na nyufa zake, nguo zikafuliwa kwa maji ya moto, nyufa za ukuta zikazibwa kwa udongo au saruji, na kazi hiyo ikarudiwa kila juma kwa muda, wadudu hupungua sana. Ikilazimu kutumia sumu, iwe ile iliyoandikwa wazi kuwa ni ya nyumbani na ya kunguni, ipakwe katika nyufa na viungo, isipakwe juu ya godoro mtu alaliapo.

Kwa funza hali ni mbaya zaidi, maana mguu wenye funza ni kidonda kilicho wazi. Wako wanaotumbukiza miguu ya watoto katika maji ya sumu ya kupe. Sumu hupita moja kwa moja hata damuni. Zahanati zina maji ya zambarau ya kuoshea, na mafuta ya dimetikoni, ambayo humziba funza pumzi bila kumtia mtu sumu, yamejaribiwa hapa Kenya yakafaa. Sakafu ya udongo inyunyiziwe maji na kufagiliwa kila siku, na mbuzi na kuku wasilale na watu.

Mbu hawahitaji maneno mengi. Chandarua kilichotiwa dawa kiwandani ni bora kuliko kopo la kupuliza, na kopo ni bora kuliko kile cha kuchoma kinachozunguka kama konokono. Chandarua kipya kitundikwe kivulini siku nzima kabla ya kulalia. Mwenye kutumia kopo na afunike chakula na mtungi wa maji, azime jiko na taa kwa kuwa hewa yake hushika moto, atoe watoto na kuku, apulize, afunge mlango kwa dakika zilizoandikwa, kisha afungue madirisha kabla ya mtu kuingia. Ama kile cha kuchoma, uchunguzi uliotolewa mwaka 2003 ulionyesha ya kuwa kimoja kikiungua chote hutoa vumbi jembamba la moshi sawa na sigara 75 hadi 137. Baba asiyevuta sigara, anayekiwasha katika chumba kilichofungwa madirisha, huwavutisha watoto wake pakiti kadhaa kwa usiku mmoja.

Namna ya kununua ni fupi kueleza. Sumu halali katika Kenya imeandikishwa na bodi ya serikali ijulikanayo kwa herufi PCPB, chini ya sheria ya mwaka 1982, na nambari yake huchapwa katika karatasi ya chupa. Chini ya karatasi hiyo upo mstari wa rangi. Mwekundu ni hatari kupita zote, wa njano hufuata, kisha wa samawati, na wa kijani ni hafifu kuliko mingine, ingawa si maji ya kunywa. Asiyejua kusoma aweza kuitambua rangi. Wenye mstari mwekundu au wa njano wasiingie nyumbani. Wafungiwe kufuli nje, juu ya kimo cha mtoto, mbali na unga na chumvi. Muuzaji wa agroveti asiyeweza kumwonyesha mnunuzi nambari, au anayetaka kumimina katika chupa nyingine, ameonyesha ya kutosha, na mnunuzi aende duka la pili.

Limebaki la mtu aliyekwisha kupatwa. Alama za sumu za jamii ya Schrader ni hizi: mate mengi na machozi, jasho, kutapika, kuharisha, mboni za macho kuwa ndogo kama ncha ya sindano, misuli kutetemeka, kifua kujaa makamasi. Zaweza kuanza kwa dakika chache, au baada ya saa kadhaa, na mara nyingi hudhaniwa ni malaria au chakula kibovu. Mwenye kusaidia avae kwanza mifuko ya plastiki mikononi. Amtoe mgonjwa mahali penye sumu, amvue nguo zote zilizoloa, amwoshe ngozi na nywele kwa sabuni na maji mengi. Jicho lililopatwa lioshwe kwa maji safi robo saa. Asimtapishe, kwa sababu sumu nyingi zimeyeyushwa katika mafuta kama ya taa, nayo yakirudi yataingia katika mapafu. Wala asimpe maziwa. Hili lasemwa kwa mkazo kwa kuwa ndilo watu walifanyalo kwanza: maziwa hayaifuti sumu, na mafuta yaliyomo yaweza kuisaidia nyingine kupenya upesi. Akiwa amezimia alazwe kwa ubavu wa kushoto, mdomo ukielekea chini.

Kisha apelekwe bila kungoja alama zizidi. Mtu wa Kiambere au wa Tharaka ana safari ndefu, na kila nusu saa ya kujadiliana nyumbani huongezwa juu ya safari hiyo. Dawa ya kupinga sumu hizi iko, nayo ni atropini, hutiwa kwa sindano. Lakini kwa sumu ya jamii ya pareto haifanyi kazi hiyo, na kwa gesi ya vidonge haina msaada. Kwa hiyo swali la kwanza la daktari, iwe ni Embu au Meru, au katika hospitali za misheni za Chogoria, Nkubu na Maua, litakuwa ni sumu gani. Anayemsindikiza mgonjwa achukue chupa yenyewe pamoja na karatasi yake, imefungwa vizuri ndani ya mfuko. Ikiwa ilimiminwa sokoni katika chupa ya soda, mtu wa pili aende mbio kwa muuzaji aikate ile karatasi ya chupa kubwa na kuifuata hospitali.